Nani Aliutoa Mlima? Kilimanjaro, Wasafiri wa Ulaya na Mwanzo wa Ukoloni



Kama ulilisikiliza somo hili redioni, hapa utalipata lote kwa maandishi, ulisome kwa nafasi yako. Kama hukulisikiliza, si kitu. Keti, tafuta ramani ya Afrika ya Mashariki, twende pamoja. Ramani ni ya lazima, maana somo la leo lote limo ndani ya mstari mmoja uliopigwa juu ya ramani hiyo.

Weka kidole chako pwani, kati ya Tanga na Mombasa, karibu na mahali mto Umba unapoingia baharini. Sasa ufuate mpaka wa Tanzania na Kenya kwenda kaskazini-magharibi. Mpaka umenyooka kama kamba iliyovutwa, hata unapofika ziwa Jipe. Hapo kamba inapinda. Inapita mashariki ya mlima Kilimanjaro, inauzunguka kwa upande wa kaskazini, inauacha mlima ndani ya Tanzania, kisha inanyooka tena mpaka ziwa Viktoria. Swali letu ni hili: kwa nini kamba ilipinda hapo?

Bila shaka umepata kusikia jibu moja. Husemwa ya kuwa Malkia Viktoria wa Uingereza alikuwa na milima miwili yenye theluji, na mjukuu wake, Kaisari wa Ujerumani, hakuwa na hata mmoja. Basi bibi akamwonea huruma, akampa Kilimanjaro kuwa zawadi ya siku yake ya kuzaliwa. Mimi nami nilifundishwa hivyo utotoni. Niliiandika hadithi hiyo katika daftari, nikapata alama ya vema.

Hadithi ni tamu, lakini si kweli. Mapatano yaliyoupiga mstari huo yalifanywa tarehe 1 Novemba 1886. Siku hiyo Kaisari wa Ujerumani alikuwa Wilhelm wa Kwanza, mzee wa miaka 89, ambaye hakuwa mjukuu wa Malkia. Mjukuu, yaani Wilhelm wa Pili, alikalia kiti hicho mwezi wa Juni mwaka wa 1888. Kwa hiyo wakati mlima ulipokatwa, huyo anayesemwa kuwa alipewa zawadi hakuwa bado Kaisari.

Ningeweza kuiacha hadithi hiyo ipite, kama tunavyoziacha hadithi za sungura na fisi. Lakini ina ubaya wake. Inawafuta watu. Inaufanya mlima uonekane kama kikapu cha matunda juu ya meza ya bibi, hauna mwenyewe, na aliye karibu na meza aweza kuutoa. Tukitaka jibu lililo la kweli yatupasa tuanze na wenyeji, tena tuanze mbali kidogo.

MAJI YA MLIMA

Katika masomo yaliyotangulia tulisoma habari za Misri na za nchi ya mito miwili, ambayo leo ni Iraki. Tuliona ya kuwa watu wa huko walipojifunza kuyaongoza maji ya mto, ndipo walipohitaji sheria, wasimamizi na hesabu ya siku. Usidhani ya kuwa jambo hilo lilitokea mbali tu. Toka Moshi mjini, panda njia ya Old Moshi, au ya Kibosho, au ya Marangu, kisha simama kando ya njia usikilize. Mahali pengi utasikia maji yakienda katika mfereji mwembamba chini ya migomba. Wenyeji huuita mfongo.

Upande wa kusini wa Kilimanjaro hupata mvua nyingi, lakini mvua huja kwa majira yake. Mito nayo hupita chini, katika mabonde marefu, na mtu analima juu mgongoni. Maji anayaona, lakini hayamfai. Wachaga wa kale walifanya hivi: walipanda msituni, mpaka mahali ambapo mto bado uko juu kuliko mashamba, wakauzuia kwa mawe na matawi, wakayachimbia maji njia ya pembeni. Njia hiyo wakaizungusha ubavuni mwa kilima kwa mteremko mdogo sana. Mteremko ukizidi, maji hukimbia na kubomoa kingo. Ukipungua, maji hulala na tope hujaa. Penye korongo waliweka gogo lililochongwa kama mtumbwi, maji yakavuka juu yake. Hawakuwa na chombo cha kupimia. Maji yenyewe yalikuwa kipimo: chimba kidogo, yaachie, tazama yanakokwenda, kisha chimba tena.

Hata hivyo kuchimba si kazi iliyo ngumu kuliko zote. Kazi ngumu ni kugawa. Mfongo mmoja huwapitia watu wengi, na mtu wa juu aweza kumnyima mtu wa chini. Kwa hiyo kila mfongo ulikuwa na ukoo wa mtu aliyeuanzisha, na mzee wa ukoo huo alisimamia zamu: nani apate asubuhi, nani apate jioni, nani angoje kesho. Maji ya usiku yaliachwa yajae katika bwawa dogo linaloitwa nduwa, yapate kutumika kukicha. Siku ya kuusafisha mfongo au kuutengeneza baada ya mvua kubwa, waliutumia wote waliitwa, na asiyetokea alitozwa, pengine mbuzi, pengine pombe.

Kwa maji hayo walipanda ulezi wakati wa kiangazi, na ulezi ndio unaotengeneza mbege. Kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani, mgomba ulitoa chakula na kivuli. Chini yake palikuwa na magimbi na viazi vikuu. Ng'ombe alifugwa ndani, akaletewa majani na wanawake waliopanda nayo kutoka tambarare, na samadi yake ilirudi mgombani. (Kahawa unayoiona leo chini ya migomba ilikuja baadaye, mwisho wa karne ya 19, pamoja na wamisionari.) Mpaka wa kihamba ulipandwa isale. Jani la isale lilikuwa pia alama ya kuomba amani: mtu akikujia nalo mkononi, haikuwa vizuri kumkataa.

Hapakuwa na mfalme mmoja wa mlima wote. Kila mgongo, au migongo michache, ulikuwa na mangi wake, na mabonde yalikuwa mipaka. Wamangi walipigana, wakapatana, wakaoana, wakapigana tena. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mangi Horombo wa Keni, upande wa Rombo, alizishinda nchi nyingi za mashariki ya mlima na kujenga maboma ya mawe. Wapandaji wa siku hizi hulala katika kambi yenye jina lake, na wengi wao hawamjui.

WALIOUONA NA WALIOAMBIWA

Habari za mlima huu zilifika mbali kabla ya Mzungu ye yote kuuona. Kitabu kimoja cha mabaharia, kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya kwanza, chataja bandari ya pwani yetu iitwayo Rhapta. Katika karne ya pili Ptolemy, mtaalamu wa Iskanderia, aliandika ya kuwa ndani ya Afrika kuna milima yenye theluji. Mwaka wa 1519 Mhispania mmoja, Enciso, aliandika ya kuwa magharibi ya Mombasa kuna mlima mrefu mno. Hawa hawakuja bara. Waliwasikia mabaharia, na mabaharia waliwasikia watu wa pwani, nao watu wa pwani waliwasikia watu wa bara walioleta pembe za ndovu. Hata Vasco da Gama alipotaka kuvuka kwenda Bara Hindi mwaka wa 1498, alipewa rubani Malindi. Njia ilikuwa inajulikana. Yeye ndiye aliyekuwa haijui.

Neno hili lishike, maana ndilo litakalotuongoza katika habari za Johannes Rebmann.

Rebmann alikuwa Mjerumani, mmisionari wa chama cha Kiingereza, naye alikaa Rabai, karibu na Mombasa, pamoja na mwenzake Ludwig Krapf. Tarehe 27 Aprili 1848 aliondoka Rabai kwenda Uchaga. Hakuwa na jeshi. Alikuwa na wapagazi wachache, mwavuli wake, na kiongozi aliyeitwa Bwana Kheri, mtu wa pwani aliyekwisha kwenda Uchaga na misafara. Asubuhi ya tarehe 11 Mei, wakiwa njiani, Rebmann aliona kitu cheupe juu ya mlima, akadhani ni wingu. Akamwuliza kiongozi wake kitu kile ni nini. Bwana Kheri hakuwa na neno la theluji, maana pwani theluji haipo. Akasema tu kwamba ni baridi. Rebmann, aliyezaliwa katika nchi yenye theluji, akafahamu mara moja.

Hapa watu wengi huandika: «Rebmann aliuvumbua mlima Kilimanjaro.» Lakini tuulize: aliuvumbua kwa nani? Bwana Kheri alikuwa anamwongoza kwenda huko huko. Mangi Masaki wa Kilema, aliyempokea, alizaliwa chini ya mlima huo. Na Wachaga walikuwa na jina la kile kilele cheupe, Kibo. Rebmann alisimuliwa pia ya kuwa zamani mangi wa Machame alituma watu wapande wakakitazame kitu kile cheupe, na kwamba aliyerudi hai ni mmoja tu, mikono na miguu yake imeharibiwa na baridi. Kama habari hiyo ni ya kweli, basi uchunguzi wa kwanza wa theluji ya Kilimanjaro tunaousikia ulitumwa kutoka Machame.

Sitaki kumpunguzia Rebmann heshima yake. Alikwenda kwa miguu, akaandika aliyoyaona, na hakuongeza chumvi. Alichofanya ni kuichukua habari iliyokuwa ya mdomo na kuitia katika maandishi yaliyosomwa Ulaya. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana, kama utakavyoona tutakapofika kwenye karatasi za mwaka wa 1885.

Maandishi yake yalipochapwa mwaka wa 1849, alichekwa. Bwana mmoja wa London, William Desborough Cooley, mtu wa vitabu na ramani aliyeandika sana habari za Afrika bila kufika huku kwetu, alisema theluji haiwezi kuwapo karibu na ikweta. Kuona shaka si kosa, msomaji; mwanafunzi asiyeona shaka hajifunzi. Kosa la Cooley ni kwamba shahidi wa pili alipokuja, alimkataa; na wa tatu alipokuja, akamkataa naye. Baron Carl Claus von der Decken alipanda sehemu ya mlima mwaka wa 1861 pamoja na Richard Thornton, na mwaka wa 1862 akarudi na Otto Kersten wakafika juu zaidi, na theluji ikawaangukia. Mwaka wa 1871 mmisionari Mwingereza, Charles New, alipanda mpaka akaigusa.

Kileleni kabisa, futi 19,340 au mita 5,895, walifika Hans Meyer na Ludwig Purtscheller tarehe 6 Oktoba 1889. Meyer akaita mahali pale kwa jina la Kaisari wake. Majina yao yamo katika kila kitabu. Katika vitabu vichache utalikuta pia jina la Mwini Amani wa Pangani, aliyekaa nao katika kambi ya juu, kwenye baridi kali, akiwapikia na kuilinda kambi walipokuwa wanapanda. Na watu wa Marangu humkumbuka Yohani Kinyala Lauwo, aliyekuwa kijana wakati ule, kuwa kiongozi wa msafara. Jina la Kaisari lilikaa kileleni miaka 72. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Alexander Nyirenda, afisa wa jeshi, aliwasha mwenge pale, na mahali hapo pakaitwa Uhuru.

Lakini nimekwenda mbele ya habari. Turudi nyuma.

BENDERA TATU KATIKA NCHI MOJA

Katikati ya karne ya 19 njia za misafara kutoka Pangani na Mombasa zilipita chini ya mlima, na Taveta palikuwa mahali pa kupumzika na kununua chakula. Watu wa pwani walileta nguo, shanga, nyaya na bunduki. Walichukua pembe za ndovu, na watumwa pia. Hilo la watumwa halifai kufichwa. Vita vya wamangi vilileta mateka, na mateka waliuzwa. Mangi aliyepata bunduki aliweza kumshinda asiyepata, na mangi aliyetaka bunduki alitafuta wageni.

Hakuna aliyejua mchezo huo kuliko Rindi, Mangi wa Moshi. Usisahau ya kuwa Moshi ya wakati ule haikuwa mji huu wa leo. Ilikuwa nchi ya Rindi, juu mgongoni, mahali tunapopaita Old Moshi. Reli kutoka Tanga ilipofika chini mwaka wa 1911, mji ulikua penye stesheni, na jina likateremka nao.

Wageni walimwita Rindi kwa jina la Mandara. Alikuwa na jicho moja, alisema Kiswahili vizuri, na aliwaelewa wageni kuliko wao walivyomwelewa. Nchi yake ilikuwa ndogo. Magharibi yake alikaa Sina, Mangi wa Kibosho, mwenye watu wengi na boma kubwa la mawe, naye Rindi peke yake hakumweza. Kwa hiyo alitafuta marafiki wa mbali. Akimpenda mgeni alimkaribisha. Asipompenda alimpora, kama alivyompora yule Charles New aliporudi mara ya pili.

Sasa tazama mambo ya muda mfupi sana. Mwaka wa 1884 alikuja Harry Johnston, Mwingereza, akakaa katika nchi za mlima karibu miezi sita, akijifanya mkusanya mimea na ndege, na kweli alikusanya. Lakini pia alifanya mikataba ya ardhi, hasa Taveta. Mwezi wa Mei 1885 alifika Lloyd Mathews, Mwingereza mwingine, lakini huyu alikuwa jemadari wa Seyyid Barghash, Sultani wa Unguja. Alikuja na askari, bendera nyekundu ya Sultani ikapandishwa, na wamangi wengi, Rindi akiwamo, wakakiri ya kuwa wako chini ya Sultani. Hazikupita wiki nyingi. Mwezi wa Juni akaja Karl Jühlke, wakala wa Karl Peters na kampuni yake ya Kidachi, na tarehe 19 Juni 1885 Rindi akaitia alama karatasi yake. Karatasi ile ilisema Rindi ameitoa nchi na haki zake zote kwa kampuni.

Tulia hapa kidogo. Fikiri mwenyewe, usingoje mimi nikuambie. Mtu mwenye akili kama Rindi aweza kuuza nchi yake mwezi wa Juni, hali mwezi wa Mei alikwisha ikubali bendera ya mwingine? Na akiisha kuiuza, aendelee kukaa barazani, kuamua kesi, kupokea ushuru na kuongoza vita? Yaonekana wazi kwangu ya kuwa hakuuza kitu. Desturi ya mlima ilijua mgeni anayepewa mahali pa kukaa, akaleta zawadi, akawa mtu wa mangi. Kwa Rindi bendera ilikuwa alama ya urafiki, na rafiki mwenye bunduki alikuwa dawa ya Sina. Bendera tatu zingekuwa dawa mara tatu.

Kwa Jühlke karatasi ilikuwa kitu kingine. Yeye hakuhitaji Rindi aielewe. Alihitaji isomwe Berlin.

Nayo ilisomwa. Mwaka wa 1886 Waingereza na Wadachi walijadiliana jinsi ya kugawana nchi za nyuma ya pwani. Kila upande ulileta karatasi zake. Sultani naye alikuwa na karatasi za wamangi alizoletewa na Mathews, lakini hakuwa na manowari za kuzitetea. Aliachiwa ukanda wa pwani wa maili kumi. Waingereza walikuwa wameikalia Misri tangu mwaka wa 1882, nao walihitaji Wadachi wasiwatilie fitina huko. Kwa hiyo hawakutaka ugomvi kwa ajili ya mlima. Mapatano yakaandikwa: mstari upite katikati ya nchi ya Taveta na nchi ya Uchaga, uzunguke chini ya Kilimanjaro kwa upande wa kaskazini, kisha uende moja kwa moja mpaka ziwa. Taveta, alipofanya mikataba Johnston, ikawa upande wa Waingereza. Uchaga, alipopata alama ya Rindi Jühlke, ikawa upande wa Wadachi.

Ndiyo maana kamba ilipinda. Na Rindi hakuwapo mezani, wala Sina, wala mangi ye yote.

KARATASI YAFIKA MLIMANI

Miaka michache ya kwanza mambo yalionekana kama Rindi alivyotaka. Mwaka wa 1889 wajumbe wake walipelekwa Berlin, wakarudi na zawadi za Kaisari. Mwezi wa Februari 1891 Hermann von Wissmann alikuja na askari na mizinga akamshambulia Sina, na watu wa Rindi wakaenda pamoja naye. Boma la Kibosho likaanguka. Rindi alikuwa amepata kile alichokitafuta maisha yake yote, na mwaka ule ule akafa.

Mwanawe, Meli, alikuwa kijana. Yeye ndiye aliyeletewa hesabu. Rafiki wa baba yake sasa aliamuru kama mwenye nchi, na Meli hakukubali. Mwezi wa Juni 1892 von Bülow, mkuu wa Wadachi hapa mlimani, alipanda na askari wake kumwadhibu. Njia za Old Moshi ni nyembamba, kuna migomba pande zote mbili na mifongo inayokatiza. Mtu wa tambarare hajui risasi inatoka wapi. Askari walishindwa. Von Bülow alijeruhiwa, akafa. Wadachi wakaondoka mlimani kwa muda, na wamisionari Waingereza waliokuwa Moshi, wakishutumiwa kwamba walikuwa upande wa Meli, walilazimishwa kuhama.

Mwezi wa Agosti 1893 Wadachi walirudi wakiongozwa na gavana mwenyewe, von Schele, na jeshi kubwa zaidi. Safari hii Meli alishindwa. Hakuuawa, lakini ngome ilijengwa katika nchi yake na watu wake walitakiwa kutoa nguvu zao kwa kazi. Mwaka wa 1898 ikaja kodi ya nyumba. Walowezi wakapewa mashamba chini ya mlima, mahali watu wa juu walipokuwa wakikata majani ya ng'ombe na kulima ulezi na mahindi.

Katika miaka hiyo aliyepata nguvu ni Marealle, Mangi wa Marangu, rafiki wa maafisa wa Kidachi. Mwanzoni mwa 1900 zilipelekwa bomani habari za njama: ya kuwa Meli na wenzake wanataka kuwafukuza Wadachi. Wanahistoria wengi wanaona mkono wa Marealle katika habari hizo. Wako wanaomlaani kwa hilo mpaka leo. Mimi nakuomba uone jambo moja tu, kwamba mchezo wake ndio ule ule wa Rindi, kumtumia mgeni dhidi ya jirani. Ila wakati wa Rindi mgeni alikuwa mgeni. Wakati wa Marealle mgeni alikuwa na mti wa kunyongea.

Tarehe 2 Machi 1900, huko Old Moshi, walinyongwa watu 19. Miongoni mwao walikuwa Mangi Meli. Molelia, mwana wa Sina, Mangi wa Kibosho. Na Ngalami, Mangi wa Siha. Mtazame huyo Molelia. Baba yake na baba yake Meli walikuwa maadui wa damu, na kwa ajili ya uadui huo Rindi aliitia alama karatasi. Wana wao walikufa siku moja, mahali pamoja.

Kichwa cha Meli kilikatwa, na wazee wa ukoo wake husema kilichukuliwa Ujerumani. Si maneno ya vijiweni tu, maana wakati ule mafuvu mengi ya watu wa Afrika ya Mashariki yalipelekwa Berlin kuwa vitu vya kuchunguzwa, na mamia yako huko bado, ndani ya masanduku ya jumba la makumbusho. Mjukuu wa Meli alikidai kichwa hicho miaka mingi, akatoa mate yake yapimwe, maana siku hizi wataalamu waweza kulinganisha mfupa wa marehemu na mate ya mtu aliye hai wakajua kama ni damu moja. Mwaka wa 2023 wataalamu wa Berlin walitangaza ya kuwa wamepata jamaa walio hai wa mafuvu matatu yaliyotoka Tanzania. Fuvu moja lilikuwa la Akida, mshauri wa Mangi Meli. Kichwa cha Meli mwenyewe hakikupatikana katika hayo yaliyopimwa.

Ukipanda Old Moshi utaonyeshwa mti wanaposema alinyongwa, na karibu yake sanamu yake. Usirudi upesi. Mwulize mwenyeji mfongo ulio karibu ulianzishwa na ukoo gani, na nani husimamia zamu ya maji. Andika anayokuambia, pamoja na jina lake ikiwa amekubali, kisha lete maandishi hayo kwa wenzako katika kikundi chenu cha kusikiliza. Juma lijalo tutaendelea na kodi ya nyumba: ilivyokusanywa, na jinsi ilivyowafanya watu wa mlima kushuka kwenda kutafuta rupia. Ramani uiweke karibu.